Pole Aliyopewa Ta Muganyizi

Nyinyi vijana mnaocheza poka kwenye simu, nawaonea huruma. Unagusa kioo, karata inageuka, umeliwa, na aliyekula hujui hata kama alikuwa anacheka au anasali. Mjukuu wangu alinionyesha mchezo huo juzi, hapa kwangu Kitendaguro, akaniuliza, "Babu, sasa hapa unajuaje nani anazuga?" Nikamwambia hapo mimi sijui kitu, na yeye hajui kitu, simu ndiyo inayojua. Poka ninayoifahamu ilichezwa kwa mdomo. Karata zilikuwa kisingizio tu cha watu wazima kukaa pamoja na kudanganyana kwa adabu.

Kazi yangu ilikuwa kugawa karata katika chumba cha hoteli moja pale Bukoba mjini. Nilianza nikiwa na nywele nyeusi, nikaacha mwaka juzi vidole vilipoanza kugoma asubuhi. Chumba kilikuwa na meza moja ya duara yenye kitambaa cha kijani, viti vya kukalia kwa muda mrefu, na dirisha ambalo wenye hoteli hawakutaka lifunguliwe, watu wasije wakaona jua linazama wakakumbuka nyumbani. Walikuja wanunuzi wa kahawa, makandarasi, wenye malori ya ndizi, na mara mojamoja Mganda aliyevuka mpaka wa Mutukula na kujifanya amepotea njia. Mimi sikucheza hata siku moja. Mgawaji haruhusiwi kucheza, na ndiyo maana hadi leo nina nyumba.

Kwa hiyo msije mkasema Ta Mutalemwa, yaani mimi, ametutuma tukacheze. Mama yangu mwenyewe, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, aliambiwa niko hotelini upande wa wageni. Akawaambia wenzake kanisani kwamba mimi ni msaidizi wa meneja. Baada ya muda nikasikia nimekuwa meneja. Sikumsahihisha, maana mama wa Kihaya ukimsahihisha anakuongezea cheo kingine.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, na katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote. Mwenye kuona karata zake ni nzuri anaongeza chipu, yaani vile vidude vya plastiki vinavyosimama badala ya fedha. Asiyeridhika anatupa karata na kukaa pembeni. Utamu wake ni kwamba mtu asiye na kitu anaweza kuongeza kwa kishindo, wengine wakaogopa wakatupa, na yeye akachukua zote bila kuonyesha chochote. Mezani watu wanasema uongo kwa ruhusa, mbele ya mashahidi, kisha wanashikana mikono.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mama wa Kitanga, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Ukimkosea alikuwa anakwambia "ahsante, baba", na hapo ujue umekwisha. Yeye ndiye aliyenikataza kutegemea macho. Alisema kila mtu mezani anajua anatazamwa, kwa hiyo uso anauvalisha, ila mdomo unajisahau. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba anayejisifu hana kitu na anayelalamika anacho. Kwao ilifanya kazi vizuri sana. Huku ikamfia mikononi katika wiki ya kwanza.

Alikaa kitako akawasikiliza Wahaya. Mkandarasi mmoja mwenye karata za hovyo akasema kwamba leo mtanikumbuka, mimi nimesoma na watu wakubwa. Akaliwa. Mchezo uliofuata, yuleyule, ana wafalme wawili mkononi, akasema maneno yaleyale. Mwenye lori naye akaanza kuhesabu nyumba zake kabla hajaziangalia karata. Bi Zuhura akaniita kando na kuniuliza watu wangu wakoje, mbona wote wanajisifu, mwenye nacho na asiye nacho. Nikamjibu kwamba hawajaanza kujisifu, hiyo ni salamu. Alicheka hadi akafuta machozi na ncha ya mtandio.

Ikabidi tutafute kanuni za huku huku, na nyingi tulizipata kwa kukosea. Yule mkandarasi, kwa mfano, akiwa anazuga alizungumza Kiingereza, tena kile cha kupanga midomo. Akiwa na karata nzuri alirudi kwenye Kiswahili cha kawaida cha kuulizia bei ya saruji. Na akiogopa kweli, Kihaya kilimtoka chini chini kama vile anamwita mama yake. Msiifanye kuwa sheria ya watu wote, maana nilimjua mnunuzi wa kahawa ambaye yeye alikuwa kinyume kabisa. La kusikiliza ni mtu kuhama alipokuwa. Kila mtu ana mahali pake pa kuzungumzia, na akihama pana kilichomhamisha.

Mwingine ni yule anayeuliza "zamu ya nani?" wakati anajua wazi ni yake. Huyo ana kitu, anataka mdhani alikuwa amesinzia. Mwingine ni msimulizi. Akiwa anawapa hadithi ya ng'ombe wa shemeji yake, akachungulia karata, na hadithi ikakatika ng'ombe yuko katikati ya barabara, tupeni karata zenu mkanywe chai. Akiendelea hadi ng'ombe afike zizini, hana lolote. Na anayejieleza bila kuulizwa, kwamba naongeza kwa sababu hivi na kwa sababu vile, huyo anamshawishi mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Lakini somo gumu kuliko yote lilikuwa la mdomo wangu. Mgawaji anatakiwa aite kila karata kwa sauti ileile, asionekane kufurahi wala kusikitika. Mimi nililelewa nyumba ambayo mtu mzima akizungumza lazima mtoto aitikie, basi wachezaji wakiguna na mimi naguna. Bi Zuhura akanipa mazoezi. Nikiwa nagawa, ananitajia habari za kutisha, na mimi natakiwa niseme "zamu yako, bwana" bila sauti kutikisika. Mutalemwa, migomba yenu imeungua. Zamu yako, bwana. Mutalemwa, baba mkwe yuko mlangoni na panga. Zamu yako, bwana. Siku moja akaja, katikati ya mchezo wa kweli, akaniambia mke wangu amejifungua mtoto wa kike. Nikasema "zamu yako, bwana" vizuri kuliko siku zote, nikagawa hadi mwisho. Kumbe siku hiyo hakuwa ananifanyisha mazoezi. Mke wangu amenisamehe, lakini habari hiyo anaisimulia kila ubatizo.

Sasa niwape habari ya Ta Muganyizi, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Ta, kwetu, ni kama Bwana, na Ma ni kama Bibi. Ta Muganyizi alikuwa mtu wa Izigo, mwenye malori ya ndizi. Mtu mnene, wa sauti kubwa, mwenye kofia ya pama aliyoishusha hadi kwenye nyusi akicheza ili asionekane macho. Kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Mikungu yake ilikuwa mikubwa kuliko ya watu wote, malori yake yalipanda milima bila kubadili gia, na wanawe, ukimsikiliza, walikuwa wanaombwa ushauri na serikali. Tulimpenda. Siku asipokuja chumba kilipoa.

Mwaka huo akaanza kuja kila siku. Akiulizwa habari za nyumbani, anasema mke wake, Ma Leonia, yuko Dar kwa kijana wao mkubwa, anakula kuku na kutazama bahari, hataki hata kurudi. Alisema hivyo kwa furaha tele, na sisi tukafurahi naye.

Mpishi wetu alikuwa Ma Kemi, mjane wa makamo kutoka Maruku. Yeye ndiye aliyepika na yeye ndiye aliyeleta chai mezani. Alikuwa Mkatoliki wa jumuiya, mtu anayesema la kweli hata pale lisipohitajika. Ukimwuliza kama shati linakupendeza, anakwambia. Na alilelewa kwa mila zetu, kwa hiyo hakuweza kumpa mtu mzima kikombe akiwa amesimama. Alikuwa akifika kwenye kiti cha mtu anapiga magoti, anaweka kikombe, anamwangalia, anasema neno. Ama "karibu chai, waitu", ama "pole, waitu". Waitu ni neno letu la heshima, linamfaa baba, mama, hata kasisi. Kisha anasimama anakwenda kwa mwingine. Mimi nilimwona anapiga magoti miaka yote ile na sikuwahi kumwona. Mwanaume wa huku goti la mama anaona ni sehemu ya chai.

Wa mwisho ni Mwalimu Kyaruzi. Alikuwa amestaafu ualimu, mkimya, sweta moja la kijivu, na alipoanza kuja tulimchukulia kama mtu wa kuliwa tu. Hakuliwa. Alikuwa na kipaji cha kutupa karata pale anapotakiwa kutupa na kukaa pale mwenzake anapozuga. Nikamsikiliza hadi masikio yakaniuma, sikupata kitu, maana hakuzungumza. Sifa yake nyingine ilikuwa ukarimu. Mchezo ukifika pabaya, chipu zimejaa katikati na yeye ndiye wa kuamua, alikuwa ananyoosha mkono na kusema, "Ma Kemi, mpelekee mwenzangu chai, kwa hesabu yangu." Nani atakataa chai aliyonunuliwa na mwenzake? Kwetu hata ukiwa umeshiba unapokea. Tukawa tunasema huyu mwalimu ana moyo, anamnywesha mtu chai kabla hajamnyoa.

Mnacheka. Nyinyi mmeshaelewa, ila sisi tuliokuwa mle chumbani hatukuelewa.

Ikawa Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Meza imejaa, mvua inanyesha. Mchezo ukawabakisha Ta Muganyizi na Mwalimu, wengine wote wametupa. Katikati mezani palikuwa na maua matatu na wafalme wawili. Ta Muganyizi akasukuma chipu zake zote mbele na kuanza kutuambia habari za mkungu wa ndizi ambao ulibebwa na vijana wanne wakapumzika njiani. Mkono wa Mwalimu ukanyooka. Ma Kemi, mpelekee Ta Muganyizi chai, kwa hesabu yangu.

Ma Kemi akaja, akapiga magoti, akaweka kikombe, akamwangalia. Akasema, "Pole, waitu." Akaondoka.

Mwalimu akasukuma na yeye zake zote, bila kusita, akafunua. Maua mawili, na yale matatu ya mezani, maua matano. Karata nzuri sana, nyingi zinakufa hapo. Ta Muganyizi akafunua zake. Mfalme mmoja, na karata iliyopata mwenzake mezani: wafalme watatu na jozi, yaani nyumba kamili, ambayo inayameza maua yote. Mwalimu akaruka kutoka kwenye kiti, na mtu ambaye hatukumjua sauti tukaijua siku hiyo.

"Haiwezekani," akasema. "Mbona ameambiwa pole?"

Wote tukageuza shingo, kwanza kwa Mwalimu, kisha kwa Ma Kemi aliyekuwa bado ameshika birika mlangoni. Na hapo mambo yakaungana kichwani mwangu yote kwa mpigo, chai zile zote, ukarimu ule wote.

Mkandarasi wetu akawa wa kwanza kusema. Akasema kumbe tunaibiwa na jikoni, huyu mama anachungulia karata zetu na kumpa mwalimu ishara. Mwingine akadai arudishiwe alivyoliwa tangu mwezi uliopita. Meneja akaitwa, kijana kutoka Dar, akaja akiwa ameshaamua. Sheria ya chumba ilikuwa wazi. Mfanyakazi akitoa ishara, anaondoka siku hiyohiyo, na anakabidhiwa polisi kama mwizi. Lakini wa kutamka kwamba ametoa au hakutoa ni msimamizi wa meza, na msimamizi, tangu Bi Zuhura arudi kwao, nilikuwa mimi.

Niseme ukweli, niliogopa. Kazi angeweza kupata nyingine, mji una migahawa. Lakini kule Maruku neno mwizi lingefika kabla yake, na mjane akishaitwa mwizi hata jumuiya inahamia nyumba nyingine kusali. Alikuwa ameweka birika chini, mikono ameikunja kwenye kanga, ananitazama mimi tu. Hakulia wala hakujitetea. Kwa kazi yangu, asiyejieleza bila kuulizwa namsikiliza sana.

Nikamwuliza kama anaujua mchezo wa karata. Akasema anajua kuna nyekundu na kuna nyeusi. Nikamwuliza Mwalimu kama wamewahi kuzungumza, yeye na huyu mama, nje ya chumba hiki. Mwalimu alikuwa amerudi kukaa, ameona aibu kweli. Akasema hajawahi. Akasema yeye aligundua tu kwamba mama huyu akimwambia mtu pole, mtu yule hana karata. Hata pole za Ta Muganyizi alidhani ni za kuzuga kwake kwa kila siku. Hakumwomba, hakumlipa. Alikuwa anasikia anachosema, na hakuna sheria iliyokataza masikio.

Meneja akasema hiyo ndiyo ishara yenyewe. Nikamwambia hapana, subiri. Anayetoa ishara hawezi kumpeleka mwenzake shimoni. Kama alichungulia karata, alimwonaje mtu mwenye nyumba kamili akampa pole? Kisha nikamgeukia Ma Kemi. Nikamwuliza hiyo pole ya Ta Muganyizi ilikuwa ya nini.

Ma Kemi hakuwa na haraka. Akasema yeye haangalii karata, anaangalia mtu. Akipiga magoti uso wa mtu unakuwa juu yake, na akina baba hawa wote wanashusha kofia na kuinamisha vichwa ili wenzao wa ng'ambo ya meza wasiwaone. Wanamficha aliyekaa mbele, hawamfichi aliye chini. Basi akimwona mtu ana dhiki anampa pole, kama ambavyo angempa njiani. Asiye na dhiki anamkaribisha chai. Hakujua kama dhiki zao zilitoka kwenye karata. Alidhani ni za nyumbani.

Kisha akapiga tena magoti, palepale mbele ya kiti cha Ta Muganyizi, akamwangalia chini ya ile pama. Akamwambia, "Wewe nimekupa pole tangu ulipoanza kuja kila siku. Nilimwuguza mume wangu, waitu. Shemeji zangu walikuwa na uso kama huu, wanafika hadi lango la hospitali wanarudi. Nyumbani kuna mgonjwa?"

Ta Muganyizi akavuta pumzi, sauti kubwa ikawa tayari. Akasema, "Mke wangu yuko Dar, anakula—" na ikakatika hapo. Nilikuwa nimewasikiliza watu wakikatiza maneno maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu amalizie uongo wake. Hakumalizia. Akavua kofia akaiweka juu ya zile chipu alizoshinda. Akasema kwa Kihaya, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, kwamba Ma Leonia yuko wodini upande wa Muleba, amefanyiwa upasuaji, na yeye hajamwona tangu alazwe.

Mimi nikatamka nilichotakiwa kutamka, kwamba hakuna ishara iliyotolewa na Ma Kemi ni msafi. Nilitamka kwa sauti ileile ya Bi Zuhura. Meneja hakuridhika sana. Akamwambia Ma Kemi kuanzia leo alete chai akiwa amesimama na asiseme neno. Ma Kemi akamjibu kwa heshima zote kwamba basi chai watajichukulia wenyewe jikoni. Wazee mezani ndio waliokataa, hasa mkandarasi aliyemwita mwizi, kwa vile alipenda sana ile chai ya tangawizi. Ikakubaliwa kwamba Ma Kemi akiingia kila mtu alaze karata zake na kuziwekea kiganja juu, na anayeagiza chai anywe mwenyewe. Hadi nastaafu ilikuwa hivyo.

Lakini siku ile hatukuendelea kucheza. Mwalimu Kyaruzi, aliyekuwa ameliwa hadi chipu ya mwisho, alisimama akavaa sweta vizuri na kutoa funguo za gari lake. Akamwambia Ta Muganyizi, twende. Ma Kemi akaingia jikoni akatoka na chupa ya uji na ndizi zilizofungwa kwenye jani. Na mimi nikafunga meza mchana kweupe, jambo ambalo meneja alilikumbuka mwisho wa mwezi, nikapanda nyuma.

Njia nzima, tangu tulipoivuka Kemondo, Ta Muganyizi alizungumza. Migomba ile tunayoiona ni ya rafiki yake lakini mbegu ilitoka kwake. Barabara hii wakati inajengwa walimwomba ushauri. Tulipopita Izigo akatuonyesha kibanja chake, shamba lake la migomba, na kusema hakuna kibanja cha namna ile hadi Kampala. Mwalimu alidhani amechangamka. Mimi nilisikia woga unapanda kila kona, na sikuwa na sheria yoyote ya kunizuia kusema kitu, ila sikujua la kusema. Ma Kemi tu ndiye aliyekuwa anamwitikia, "eeh, waitu", kila alipofika nukta.

Wodini alitangulia yeye na sisi tukasimama mlangoni. Ma Leonia alikuwa amelala chali, amekonda, macho yake ni yaleyale makali niliyowahi kuyaona harusini kwa kijana wao. Alimtazama mumewe akikaribia na kofia mkononi.

"Umerudi lini kutoka Kahama?" akamwuliza.

Hapo ndipo tulipojua kwamba sisi tulipewa uongo wa Dar na mkewe alipewa wa Kahama, kwamba mume yuko safarini na ndizi, barabara mbaya, mteja msumbufu. Nikaona mabega ya Ta Muganyizi yanapanda. Nilimjua vya kutosha, mdomoni alishakuwa na Kahama nzima, lori limezama, daraja limekatika, askari wa barabarani. Ingekuwa hadithi nzuri. Na mama yule angeikubali, kwa namna alivyokuwa ameshamwandalia nafasi.

Akavuta kiti akakaa. Akaweka mkono juu ya blanketi.

"Sikwenda Kahama," akasema. "Nilikuwa hapo mjini. Nilikuwa naogopa."

Ma Leonia akamgeuzia uso.

"Najua," akamwambia. "Sogea, nikuone."